Uzi: Kudopu oksidi sio kumwaga metali kwenye unga (varista, friji, sensa ya gesi, na kwa nini nano inavuruga hesabu)

FundiLigula

Wakuu wa kusini na wengine mnaopita humu, habari za mchana. Kwenye grupu letu la mafundi hapa Mtwara mjini kumezuka ubishi ambao naona unafaa kuletwa huku kwa watu wengi. Mmoja kasema kile kidude cha bluu cha duara kwenye pawa saplai, varista, ndani yake wamechanganya metali kwenye seramiki ndo maana radi ikipiga umeme wa ziada unapitia pale. Mwingine akadakia kwamba kama ni hivyo basi metali ikizidi kitakuwa kinapitisha muda wote na fyuzi ingekuwa inaungua kila siku. Wamerushiana maneno mpaka usiku na hakuna aliyeuliza swali lenyewe, yaani hiyo metali ikishaingia mle ndani inakaa wapi.

Maana haibaki metali (kutia hivi kiasi kidogo cha metali nyingine ndo kunaitwa kudopu). Ukichanganya oksidi ya zinki na chumvi ya metali nyingine ukachoma tanurini, ile metali inageuka ayoni, yaani atomu yenye chaji, na ayoni ina mambo mawili tu ya kuangalia, ukubwa wake na chaji yake. Ikitosha inaingia kwenye kristali na kukalia kiti cha zinki. Isipotosha inasukumwa nje inabaki mpakani kati ya punje na punje (punje ni vile vipande vidogo vya kristali). Na hapo ndo tabia ya umeme inapotofautiana kabisa kabisa, metali mbili kwenye unga uleule moja inafungua njia na nyingine inaziba.

Chukua alumini. Zinki mle ndani ina chaji mbili chanya, alumini ina tatu na ni ndogo, inaingia. Ikikaa kwenye kiti cha zinki inabaki na elektroni moja isiyo na kazi ya kufunga kitu, hiyo elektroni inazurura na umeme unapita. Oksidi ya zinki yenyewe ina pengo la nishati (ngazi ambayo elektroni lazima iruke ndo izurure) la elektroni-volti 3.37 hivi, kwa hiyo kwa haki ingekuwa kizuizi, ila hata ikiwa safi huwa ina elektroni kidogo za kuzurura (watu wamebishana miaka na miaka kama chanzo ni oksijeni iliyopungua, zinki iliyozidi au haidrojeni iliyojipenyeza), ukiitia alumini kidogo ndo inafunguka haswa mpaka wanaitandaza kama utando unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, ipo kwenye aina fulani za paneli za sola. Sasa badala ya alumini tia lithiamu, chaji moja tu. Ikikalia kiti cha zinki inakuja na upungufu wa elektroni moja, inameza zile chache zilizokuwepo, ukinzani unapanda. Unga uleule, tanuru lilelile.

Halafu bismuthi, ambayo ndo mwenye mji kwenye varista. Ayoni yake ni kubwa sana kulinganisha na zinki, haiingii. Wakati wa kuchoma, kwenye nyuzi 1,100 mpaka 1,300 huko, oksidi ya bismuthi imeshayeyuka zamani (inayeyuka kwenye 820 na kitu), inatambaa katikati ya punje, ikipoa inabaki mpakani. Mpakani pale elektroni zinanaswa, pande zote mbili za mpaka panabaki pakavu hamna elektroni, na hicho ndo kizuizi. Wanaongeza kobalti na manganizi ili kizuizi kiwe kikali zaidi. Kila mpaka unavumilia kama volti 3 hivi, ukizidisha hapo kizuizi kinaanguka ghafla na mkondo unapita kama mafuriko. Ndo maana varista iliyoandikwa 471, maana yake volti 470 kwenye miliampea 1, ukigawa kwa 3 unapata mipaka kama 150 imepangana kutoka uso mmoja hadi wa pili. Kileleni umeme wetu wa 230 unafika volti 325, hapo bado kizuizi kimesimama.

Na bado wanatia alumini mle mle kwa kiasi kidogo mno ili ndani ya punje pasizuie mkondo mkubwa wa radi ukija. Kwa hiyo wabishi wote wawili mnaona hapo, kuna metali inayofungua ndani ya punje na kuna inayoziba mpakani, kwenye kidude kimoja, na zote zinafanya kazi ya maana. Wenyewe walioanza ni kina Michio Matsuoka pale Matsushita, Japani, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Waliosafiri zamani kwenda Dar watanielewa, gari lako lingekuwa zima namna gani ukifika Rufiji kabla ya 2003 ulikuwa unasubiri pantoni. Mpaka wa punje ndo Rufiji yenyewe. Unaweza kudopu ndani ya punje mpaka uchoke, kama mpakani kuna kizuizi multimita yako itasoma kizuizi.

Karibuni, ila tuje na hoja.

NjombaWaNyangao

Nimesoma lote nimetoka na jambo moja tu, njomba una muda. Sasa friji langu linahusianaje maana kichwa cha habari umetaja friji na hujaligusa. Au ndo ulitaka tusome mpaka mwisho?

FundiLigula

Hahaha njomba tulia linakuja. Kwenye kompresa ya friji nyingi kuna kile kistata, ndani yake kuna kidonge cheusi au cha kijivu, ukikitikisa kilichokufa kinalia kama mbegu kavu. Ile ni barium titaneti. Ikiwa safi haipitishi kitu, ni ya kutengenezea kapasita. Wakiidopu na lanthani au itri au antimoni kidogo, tuseme asilimia 0.2 hivi, inaanza kupitisha vizuri tu. Lanthani inakaa kiti cha bariamu na chaji tatu badala ya mbili, hesabu ileile ya alumini.

Utamu wake ni joto. Ikifika nyuzi 120 na kitu kristali inabadilika umbo, vile vizuizi vya mpakani ambavyo vilikuwa vimelala vinasimama, ukinzani unaruka mara maelfu ndani ya makumi machache ya nyuzi. Kwa hiyo unawasha friji, kidonge kiko baridi, mkondo unapita kwenye waya wa kuanzishia, mota inashika, muda huohuo kidonge kinapata moto na kujifunga chenyewe. Umeme ukikatika ukarudi hapohapo kidonge bado cha moto, hakipitishi, kompresa inaunguruma haianzi. Watu wanasema friji limekufa kumbe lilihitaji dakika chache tu (presha ya gesi nayo inachangia hapo, isije ikaonekana ni kidonge peke yake). Ukitaka kiwango cha joto kishuke wanatia stronti, ukitaka kipande wanatia risasi.

Na angalia hili, ukizidisha lanthani kupita kile kiasi kidogo, ukinzani unarudi kupanda na punje zinakuwa ndogondogo. Zaidi sio bora.

mwl_nachingwea

Fundi umeeleza vizuri, niongeze kidogo upande wa darasani kwa vijana wa kidato cha sita wanaopita. Mfano ninaoupenda mimi ni oksidi ya nikeli kwa sababu unaonekana kwa macho. Ikiwa safi ina rangi ya kijani na ni kizuizi. Ukiichoma na lithiamu inageuka nyeusi na inapitisha umeme, hapa lithiamu inafungua njia wakati kwenye zinki ilikuwa inaziba, lithiamu ileile! Sababu ni kwamba nikeli ina uwezo wa kwenda chaji tatu. Lithiamu ikija na chaji moja, jirani yake mmoja wa nikeli anapanda kuwa tatu ili hesabu ikae sawa, na hilo pengo la elektroni linahamahama kutoka nikeli moja kwenda nyingine. Zinki haina tabia ya kupanda kuwa tatu, kwa hiyo pengo halina pa kukaa. Verwey wa Uholanzi na wenzake waliieleza hii karibu na mwaka 1950.

Kwa hiyo mtu akikuuliza lithiamu inaongeza umeme au inapunguza, swali halijakamilika. Muulize kwenye oksidi gani.

Kuna njia ya tatu ambayo fundi hukuitaja. Zirkonia (oksidi ya zirkoni) ukiitia itri, chaji tatu kwenye kiti cha chaji nne, hailipi kwa elektroni wala kwa pengo, inalipa kwa kuacha oksijeni. Kila itri mbili, kiti kimoja cha oksijeni kinabaki kitupu, na oksijeni nyingine zinaruka kupitia viti hivyo. Kinachotembea pale ni ayoni sio elektroni. Ndo sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ya gari, lakini mpaka ipate moto sana ndo inafanya kazi.

dereva_somanga

Ndo maana taa ya injini inawaka, fundi anakwambia oksijeni sensa, nyaya nne. Nyaya za nini zote zile?

mwl_nachingwea

Mbili ni za hita. Bila moto oksijeni haziruki. Mbili zilizobaki ni za kusoma volti. Zile za zamani zilikuwa na waya mmoja zinategemea joto la ekzosi lenyewe.

BintiMikindani

Samahanini, mimi huu uzi umenigusa. Nafanya projekti ya chuo, natengeneza chembe nano (ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita) za oksidi ya zinki kwa asetati ya zinki na natengeneza nyingine zenye alumini asilimia 1, 2, 3 na 5, nachoma nyuzi 500, nabana kidonge, napima. Kwa eksirei ukubwa wa chembe unatoka nanomita 20 na kitu. Kwa hesabu ya fundi ukinzani ungepaswa kushuka kadiri alumini inavyoongezeka. Asilimia 1 umeshuka, 2 umeshuka kidogo, 3 umesimama, 5 umepanda kuliko hata unga safi. Halafu kinachonichanganya zaidi, kidonge kilekile asubuhi kinasoma ukinzani mdogo, mchana kinasoma mkubwa mara nyingi tu, na kesho yake kinarudi. Msimamizi anasema nirudie vipimo. Nimerudia inatoka vilevile. Grafu hiyo hapo chini nimeipiga picha na simu.

mkosoaji_tu

Nano nano nano. Mimi nilijua ni neno la kuuzia losheni. Dada badilisha projekti, utafute kitu chenye soko, huku kwetu kuna korosho na gesi na grafaiti ya Ruangwa, zinki ya nini?

FundiLigula

Mkosoaji subiri kwanza, gesi tutaifikia.

Dada BintiMikindani vipimo vyako viko sawa kabisa na nimefurahi umevileta. Hapo kuna mambo matatu yamelaliana.

La kwanza, alumini ina kikomo cha kuingia. Kwenye oksidi ya zinki ni asilimia chache tu, na kwa joto la 500 ni kidogo zaidi. Iliyobaki inajitengenezea oksidi yake ya pamoja, zinki alumineti, ambayo haipitishi, na inapenda kukaa mpakani. Kwenye eksirei usipoiona usiseme haipo, mistari yake mikubwa (vile vilele vya grafu ya eksirei) imekaa pembeni kabisa ya mistari ya zinki yako, kidogo kikiwepo kinajificha kwenye mteremko wa jirani. Hapo ndo asilimia 5 inapotokea kwenda juu.

La pili ndo lenye nano, na hapa naomba uniwie radhi nafanya hesabu. Chukua chembe ya nanomita 5 ili namba ziwe rahisi. Ujazo wake nanomita za ujazo 65, kila nanomita ya ujazo ina zinki kama 41, jumla kama 2,700. Asilimia 1 ya alumini ni ayoni 27 tu. Tuseme zote zimekaa vizuri zimeachia elektroni 27. Sasa uso wa hiyo chembe ni nanomita za mraba 78. Oksijeni ya hewani ikikaa usoni inanyakua elektroni. Ikikaa moja tu kwa kila nanomita 3 za mraba, elektroni zako zote 27 zimeisha! Kwenye punje kubwa ya mikromita kumi uso ni kitu kidogo hakuna anayejali, kwenye nano uso ndo mwenye nyumba. Ongeza na kwamba robo hivi ya zinki zote ziko usoni, na dopanti (ile metali uliyotia) yenyewe inapenda kwenda usoni kwa sababu huko kuna nafasi ya kujinyoosha, kwa hiyo alumini uliyopima kwenye mizani sio alumini iliyo ndani. Chembe zako za 20 zina nafuu lakini mchezo ni huohuo. Ndo maana kidonge cha unga wa nano uliodopiwa vizuri kinaweza kusoma ukinzani mkubwa sana wakati utando wa kitu hichohicho unapitisha karibu kama metali.

La tatu asubuhi na mchana, upo Mikindani dada, unyevu! Kidonge ulichobana bila kukichoma sana kina vinyweleo vingi, maji ya hewani yanalala usoni na protoni zinarukaruka kwenye maji hayo. Unapima maji. Mchana hewa ikikauka kidogo na chumba kikipata joto maji yanaondoka, unarudi kwenye unga wako wenyewe. Na kama meza iko dirishani angalia jua pia, mionzi yake inang'oa oksijeni usoni na ukinzani unashuka, yaani unaweza ukawa na vitu viwili vinavutana.

BintiMikindani

Kaka umenitoa mbali. Sasa nafanyaje, nisipime?

mwl_nachingwea

Upime mwanangu, ila usipime kwa namba moja ya multimita. Kama chuo kina mita ya impidansi (inayopima ukinzani kwa umeme wa masafa mbalimbali) piga masafa kuanzia hezi chache hadi megahezi, uchore ule mchoro wa nusu duara. Mara nyingi unapata nusu duara mbili zimegusana, ile ya masafa ya juu ni ndani ya punje na ya masafa ya chini ni mpakani. Alumini ikiwa imeingia kweli, ya kwanza itanywea. Zinki alumineti ikijaa mpakani, ya pili itavimba. Hapo unakuwa na cha kuandika, kuliko kusema umeshuka umepanda. Kwenye nano wakati mwingine zinamezana inakuwa moja iliyolala, usishtuke.

Na kausha kidonge nyuzi 150 kwa saa moja, pima kikiwa bado cha moto, au kipoze ndani ya chombo chenye silika jeli. Andika unyevu wa chumba kwenye kila kipimo. Gizani.

FundiLigula

Mwalimu kamaliza. Mimi naongeza kwamba ufanye kidonge kingine kimoja ukichome 1,000 hivi, punje zitakua, linganisha. Tofauti kati ya hivyo viwili ndo projekti yako, mimi ningekuwa wewe ningebadilisha hata kichwa cha habari.

Sasa mkosoaji njoo kwenye gesi. Ile sensa ya gesi ya kuweka jikoni, zile za familia ya MQ wanazouza maduka ya elektroniki, ndani ni oksidi ya bati kwenye bomba dogo la seramiki lenye hita. Taguchi wa Japani alianza nayo 1962. Inafanya kazi kwa uleule unyakuzi wa oksijeni unaomtesa dada, ila wao wameugeuza kuwa mali. Oksijeni imeshika elektroni usoni, ukinzani uko juu, gesi ikija inaungana na oksijeni pale usoni elektroni zinarudishwa, ukinzani unashuka, king'ora kinalia. Wanatia paladi kidogo, na angalia hapa, paladi haiingii kwenye kristali wala haileti elektroni, inakaa usoni kama vipunje kusaidia gesi iungane haraka. Chembe zikiwa ndogo kufikia nanomita 6 hivi mwitikio unapanda sana kwa sababu ule ukavu wa elektroni unafika mpaka katikati ya chembe. Hiyo ndo nano, losheni sijui.

mama_shangani

Mimi sijasoma hayo ila nina mtungi jikoni na nina hiyo sensa, mwanangu aliifunga juu karibu na dari. Ni sawa?

FundiLigula

Shikamoo mama. Kwa mtungi sio sawa. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, inalala chini, sensa ikae chini karibu na sakafu. Gesi asilia ya hapa Mnazi Bay ni methani karibu yote, hiyo ni nyepesi inapanda, sensa yake ndo ya juu. Tena sensa zinatofautiana, ya gesi ya mtungi ni MQ-6, ya methani ni MQ-4. Mwambie mwanao aishushe na aiache iwake muda mrefu kabla ya kuiamini, hita inatakiwa ikaushe unyevu kwanza.

mama_shangani

Marahaba. Nimemwita tayari.

NjombaWaNyangao

Swali la mwisho mimi. Varista nikipima na multimita ikasoma wazi kabisa, ni nzima?

FundiLigula

Sio lazima njomba. Multimita inatoa volti chache tu, haifiki hata robo ya kizuizi. Kila ikipigwa na radi baadhi ya ile mipaka 150 inachoka, volti yake ya kufungukia inashuka polepole, mkondo mdogo unavuja, inapata joto, joto linaongeza kuvuja, mwisho inawaka. Kwa hiyo ikisoma imeshoti imekufa, ikisoma wazi hujui. Iliyobadilika rangi au kupasuka toa. Na fyuzi itangulie varista, usiiunge kabla ya fyuzi hata siku moja.

BintiMikindani

Nimepata mita ya impidansi, ipo idara nyingine nitaomba. Tatizo langu ni kushikisha nyaya kwenye kidonge, natumia klipu tu na namba zinacheza nikiigusa. Pesti ya fedha hapa sijaiona kokote.

FundiLigula

Tafuta ile rangi ya fedha ya kuunganishia mistari ya kioo cha nyuma cha gari, nyingi ni fedha kwelikweli, ukikosa kwenye maduka ya spea hapa agiza Kariakoo ipande na basi. Paka nyuso zote mbili ila usiguse ukingo, ukigusa umeshotisha. Iache ikauke vizuri kabla ya kupima. Ukipata michoro iweke humu humu tuisome, ila dada tafadhali piga picha ikiwa wima, ile ya juu nimeisoma shingo imepinda.